Theluji ya Ruwenzori si pambo: wenye milima waachwe wapige picha za milima yao

BUKAVU – Kuna maneno yanayosikika kila mara hapa mjini, toka Kadutu hadi Nguba, mtu anapotoa simu yake na kuielekeza mlimani: "Watu wanakufa, wewe unapiga picha ya mlima?" Wazee wanayasema, vijana wanayasema, na hata wakubwa wenye elimu wanayasema. Yanasikika kama maneno ya huruma. Kumbe yanaleta hasara, na wa kwanza kuipata hasara hiyo ni wale wale wanaohurumiwa: jamaa zilizokimbia vita na kuacha mashamba, nyumba na makaburi chini ya milima hiyo.

Picha ya mlima iliyopigwa siku ya mwanga mzuri, ikiwa na tarehe na jina la mahali, ni ushahidi. Wageni wamelijua jambo hilo kwa zaidi ya miaka 100 na wamelitumia vizuri. Wenye milima ndio wanaoambiwa kwamba ni anasa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni theluji ya Ruwenzori.

Wengi wa Bukavu wanaijua theluji kwa filamu tu. Kahuzi, ambayo mtu huiona vizuri akielekea Miti na Kavumu, ina mita 3,308, na Biega ina mita 2,790. Kimo hicho hakitoshi kushika theluji karibu na ikweta. Kule Kivu ya Kaskazini, Karisimbi yenye mita 4,507 huamka nyeupe asubuhi nyingine baada ya usiku wa baridi kali, kisha jua likipanda weupe unakwisha. Jina lake lenyewe linatokana na simbi, ile kauri nyeupe, na aliyewahi kuuona mlima huo kutoka Goma asubuhi ya namna hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini. Lakini theluji na barafu inayokaa mwaka mzima, katika Kongo yote, iko mahali pamoja: Ruwenzori, wilayani Beni, kwenye mpaka na Uganda. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Katika Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Upande wa Kongo njia inaanzia Mutwanga, ndani ya hifadhi ya Virunga, ikipanda kwa vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo mpaka karibu na barafu yenyewe.

Wakonjo na ndugu zao Wanande, wanaoishi chini ya mlima, wana neno lao la theluji: nzururu. Katika mila za huko, Nzururu ni baba wa Kitasamba, roho mwenye mlima. Watu hao walikuwa na jina la kitu hicho, na heshima yake, na makatazo yake, kabla mzungu yeyote hajakiona. Haikuwasaidia walipokuja watu wenye kalamu.

Kwanza ikumbukwe namna dunia ilivyopokea habari ya theluji ya Afrika. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitembea bara kutoka pwani ya Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe huo "baridi", basi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba ni theluji. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huko, akamkatalia kwa miaka mingi: theluji karibu na ikweta haiwezekani, macho ya mmisionari yamemdanganya. Aliyeona alikuwa mlimani. Aliyesikilizwa alikuwa kwenye kiti chake Uingereza. Na kama mzungu mwenzao alikataliwa hivyo, kiongozi wa njia aliyesema "baridi" angesikilizwa na nani?

Miaka 40 baadaye, Mei 1888, Henry Morton Stanley alikuwa karibu na Ziwa Albert na msafara uliojaa Wazanzibari. Kijana mmoja akamwonyesha mlima ambao watu walisema umefunikwa na chumvi. Stanley mwanzoni alidhani ni wingu. Alikuwa amekwisha kufika kwenye ziwa lile lile Desemba 1887 bila kuona kitu, maana Ruwenzori hujificha ndani ya mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Leo mlima mrefu kuliko yote pale unaitwa Stanley. Milima mingine mikubwa inaitwa Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Vilele viwili vya juu vimepewa majina ya malkia wawili, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Hakuna hata kimoja chenye jina la mtu wa Mutwanga wala wa Kasese, na yule kijana wa chumvi hakupewa hata jiwe.

Kisha akaja mpiga picha. Mwaka 1906 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vikuu vya Ruwenzori; Margherita aliufikia Juni 18. Alikuwa na Vittorio Sella. Mashine za picha za wakati ule zilikuwa nzito, na picha zilishikwa kwenye vioo. Mizigo ilipanda kwa migongo ya wapagazi, wengi wao Wakonjo, katika matope ya kufika magotini na mvua isiyochoka. Huko juu, Sella alingoja. Ukungu ukishuka anangoja, mvua ikipiga anangoja, mpaka mawingu yafunguke kwa muda mfupi. Hapo ndipo alipopiga. Picha zake zimetunzwa mpaka leo mjini kwao, Biella.

Zilipopigwa, picha hizo zilikuwa za fahari ya ukoo wa mfalme. Leo zinafanya kazi ambayo Sella mwenyewe hakuifikiria. Wataalamu husimama pale aliposimama, wanalinganisha ukingo wa mwamba wa leo na ukingo wa mwamba wa picha, halafu wanaangalia barafu ilifika wapi wakati ule na imebaki wapi sasa. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikadiriwa kuwa kilometa za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilibaki kama 2. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya kilometa ya mraba moja. Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ambayo mwaka 1906 ilikuwa na barafu, haina tena. Watu wa Mutwanga, ambao wengi wao hupikia kuni na makala, hawakuitia dunia joto hilo, lakini mto unaoshuka mlimani ni wao wanaoutumia.

Angalia jambo moja katika habari hiyo. Hakuna anayelazimika kumwamini Sella kwa maneno yake. Mwamba ulioko nyuma ya picha unasema alisimama wapi. Tarehe inasema ilikuwa lini. Vitu hivyo viwili vikiwepo, mtu aliyekufa miaka mingi anaendelea kushuhudia, na hakuna Cooley wa leo anayeweza kumwambia kwamba macho yake yalimdanganya.

Sasa habari hiyo ihamishwe kutoka kwenye barafu mpaka kwenye shamba la mihogo.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali. Vijijini, jamaa nyingi hazina hati yoyote. Zina neno la mwami, neno la majirani, na kumbukumbu ya mzee aliyeonyesha mpaka siku shamba lilipogawanywa. Vita ikija, majirani hutawanyika. Mzee hufia njiani. Miti ya mpaka hukatwa kwa makala, nyumba huchomwa, migomba hufyekwa. Baada ya miaka mitatu au minne jamaa ikirudi inakuta mtu mwingine analima, naye ana maneno yake na mashahidi wake. Katika vyote vilivyokuwepo, ni kipi kisichohama? Ni mlima.

Chukua jamaa ya Kibumba, katika wilaya ya Nyiragongo. Nyuma yake umesimama Mikeno, wenye mita 4,437, mlima wenye kichwa cha mawe kisichofanana na kingine chochote. Picha ya harusi au ya ubatizo iliyopigwa uani, ikiwa na Mikeno nyuma, inaonyesha nyumba ilielekea upande gani, njia ilipita wapi, mkaratusi mkubwa ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Mtu anaweza kuichukua picha hiyo, akatembea kijijini mpaka mlima ukae kama ulivyokaa kwenye picha, akasema: hapa. Ni kazi ile ile wanayoifanya wataalamu kwa picha za Sella. Haihitaji chuo kikuu.

Hakuna anayesema kwamba picha ya simu ni hati ya shamba, na mahakama haitatoa ardhi kwa sababu ya picha peke yake. Lakini mabishano mengi ya mashamba vijijini huanzia kwa wazee, kwa mwami, kwenye kamati za upatanishi, na huko neno tupu la mtu aliyekaa miaka mitatu chini ya turubai ni jepesi sana. Mwenye picha huingia akiwa na shahidi wa pili.

Na Kivu ya Kusini ina kidonda chake. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maji na mawe yalishuka kutoka milimani juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kesho yake mahali palipokuwa na nyumba palikuwa na mawe makubwa na tope. Waliosalia walisimama pale wakitafuta ua wao kwa macho. Picha za baada ya msiba zipo nyingi, kwa kuwa waandishi walikuja kutoka kila mahali, na walifanya kazi yao. Lakini picha za kabla? Zile zinazoonyesha ule mlima ukiwa bado na ngozi yake, na kijiji kikiwa chini yake siku ya kawaida? Wale waliokuwa wakiambiwa kwamba kupiga picha ya kilima ni upuuzi wangezihitaji sana wiki ile, hata kwa kuhesabu tu nyumba ngapi zilikuwa zimesimama na za nani.

Kwa hiyo mwenye kusema "watu wanakufa, wewe unapiga picha ya mlima" anapaswa kujibiwa: ndiyo, kwa sababu watu wanakufa.

Kuna kundi la pili la kujibiwa, nalo halisemi kwa huruma. Ni watu wa barieri. Kwa miaka mingi, chini ya kila aliyeshika bunduki mashariki mwa Kongo, kutoa simu hadharani kumekuwa jambo la hatari. Daraja ni siri, bandari ni siri, uwanja wa ndege ni siri. Hayo angalau yana maana wakati wa vita. Lakini kilima? Mawio ya jua juu ya ziwa? Vijana wamenyang'anywa simu kwa sababu ya picha ya jua. Tangu M23 ilipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, woga umeongezeka, na wapo waliofuta picha zote za simu zao kwa mikono yao wenyewe, za mlima pamoja na za marehemu mama. Hasara hiyo haitangazwi na mtu.

Askari huyo huyo akikutana na mgeni mwenye kamera kubwa na barua yenye mihuri, humwachia apite. Wa nyumbani mwenye simu ya kioo kilichopasuka ndiye anayeitwa jasusi. Kama mlima ungekuwa siri ya kijeshi, basi siri hiyo iliuzwa zamani, maana setilaiti huupiga picha toka juu na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuutazama akiwa kitandani kwake Brussels. Marufuku hiyo hailindi kitu. Inachofanya ni kumzuia mwenye kijiji tu.

Kundi la tatu ni lenye adabu zaidi, na pengine ndilo lililofanya makosa makubwa kuliko yote: wale wanaopiga picha za milima ya Kivu na kuwaondoa watu. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na mwanzilishi wake, Adrien Deschryver, alikuwa Mbelgiji mpiga picha na mpenda wanyama. Mwaka 1980 UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia. Miaka ile ile ya 70 Batwa walitolewa msituni, bila mashamba ya kuhamia. Tazama sasa picha nyingi za Kahuzi zinazopendwa duniani: mlima, ukungu, msitu, sokwe. Mtwa hayumo. Picha hiyo haina uwongo ndani yake, ila imekatwa pembeni, na kila aliyeitazama kwa miaka 50 amejifunza kwamba pale hapakuwa na mtu.

Hapa haki itendwe pia kwa walinzi wa hifadhi. Kule Virunga zaidi ya 200 wameuawa kazini katika historia ya hifadhi hiyo, wengi wao vijana wa vijiji vya pale pale. Bila wao hata sokwe wa kupigwa picha wasingebaki. Lawama hapa ni ya anayechagua kitu gani kionekane na kitu gani kikatwe, na huyo mara nyingi hakai Rumangabo wala Tshivanga.

Ruwenzori imepatwa na jambo hilo hilo kwa namna nyingine. Mwaka 2020 na 2021 wauaji wa ADF walishambulia vijiji vya sekta ya Ruwenzori, wilayani Beni, karibu na Mutwanga. Watu waliacha kakao ikiivia mtini, wakakimbilia Beni, Butembo, na wengine wakavuka Uganda. Mashamba yale yako chini kabisa ya theluji. Asubuhi yenye anga safi, mtu anayevuna kakao akiinua macho anaona weupe. Lakini picha nyingi za theluji hiyo zinazozunguka duniani leo zimepigwa kutoka Uganda, ambako watalii wanaendelea kupanda, na katika picha hizo upande wa Kongo ni mgongo wa mlima tu. Barafu inakwisha, na wanaoishuhudia ikiisha upande wa magharibi wametawanywa.

Na kuna ucheshi mchungu katika jambo hili. Kwenye simu za Bukavu huzunguka picha za milima yenye theluji zenye maandishi "Kongo nchi yangu", na nyingine zina misonobari chini na nyumba za paa kali kama za Uswisi. Ruwenzori haina misonobari ya Ulaya. Anayepanda kutoka Mutwanga hupita msitu mnene, kisha mianzi, kisha miti ya jamii ya erika iliyovaa ukungu na ndevu za kuvu, na juu zaidi hukuta lobelia na senesio wakubwa kuliko mtu, mimea ambayo mtu akiiona mara moja haisahau. Kama mimea hiyo haipo na maandishi yanasema Ruwenzori, picha ichunguzwe mara mbili. Ni aibu kwa nchi yenye theluji yake yenyewe kuazima theluji ya wengine kwa sababu wenye yake walikatazwa kuipiga picha.

Kuhusu siku ya kupiga, wengi hukosea. Huku hakuna majira ya baridi ya Ulaya. Watu hudhani kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho chenye anga nzuri, kwa kuwa hakuna mvua. Kumbe ndiyo miezi ya moshi wa kuchoma nyasi na vumbi, na Kahuzi yenyewe huonekana kama imefunikwa kitambaa. Mlima huonekana wazi kabisa asubuhi inayofuata mvua kubwa ya usiku, kati ya mapambazuko na saa tatu, kabla mawingu hayajapanda kutoka mabondeni. Baada ya hapo ni kubahatisha. Wakulima wanalijua hili kuliko wapiga picha, na wao ndio wanaoamka saa hiyo.

Lakini wakati huu wa vita kuna tahadhari ambayo haiwezi kuachwa. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, bila mwenye simu kujua. Jamaa iliyojificha isitume picha mpya kwenye mitandao, hata kama ni ya mlima tu, kwa sababu ule ule ukingo wa mwamba unaomsaidia mwenye shamba unaweza kumsaidia pia anayemtafuta mwenye shamba. Picha ya ushahidi ni ya kutunzwa. Apewe nakala mtoto aliye Kampala au Bujumbura, shangazi aliye mbali, padri au mchungaji anayeaminika. Mtandaoni itafika siku yake. Na mbele ya mtu mwenye bunduki, simu ni bora iende kuliko roho. Ndiyo maana nakala moja haitoshi.

Yanayodaiwa si makubwa. Wenye mamlaka, wawe wa upande wowote, watangaze wazi mahali palipokatazwa kupigwa picha, wapaandike kwenye kibao, na kwingine kote waache raia na simu zao. Leo marufuku iko kichwani mwa askari mmoja mmoja, na bei yake hujadiliwa pale pale.

Makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji yana picha nyingi za Kongo za wakati wa ukoloni. Zile zinazoonyesha vijiji, vilima na maziwa ya Kivu ziletwe nakala zake hapa, mahali ambapo mzee wa Kabare au wa Kalehe anaweza kuingia kwa miguu na kuziona bila viza. Kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, kina majengo na kina watu waliozoea kutunza vitu vya zamani. Walimu wa jiografia wa ISP Bukavu nao wangeweza kuwatuma wanafunzi wao, kila mmoja akiwa kwao likizoni, kusimama mahali pamoja kila mwaka na kupiga kilima kile kile. Miaka kumi ya picha za namna hiyo juu ya Nyamukubi ingeonyesha mapema ni wapi miti imeisha na ni wapi udongo umeanza kufunguka.

Na wanaogawa misaada, ambao hupiga picha za wakimbizi wakishika mifuko ya unga ili kuwaonyesha wafadhili, wawaulize watu hao hao kama wanayo picha ya nyumbani kwao. Kambi za Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, zilipofungwa Februari 2025, maelfu walikunja maturubai wakaambiwa warudi makwao. Wapo waliokuta kwao hakutambuliki. Katika mizigo iliyobebwa siku zile kulikuwa na masufuria, magodoro, kuku. Picha za ua na kilima kilicho nyuma yake zilikuwa chache mno, na kadi za simu zenye picha hizo nyingi zilikuwa zimepotea au kuuzwa.

Vijana wanaotengeneza simu na kujaza nyimbo kwenye kadi, pale sokoni Kadutu na kwingineko, wanaweza kuanza kesho bila kungoja mradi. Mteja akija na simu iliyokufa, kabla ya kuifuta, wamwulize kama kuna picha za kijijini ndani yake. Zitolewe, zichapishwe kwenye karatasi hata kama rangi si nzuri, na nyuma kwa kalamu ya bic iandikwe: kijiji, kilima kinachoonekana, mwezi na mwaka, na majina ya waliosimama mbele.